Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Minyoo wa Oposumu

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita tuliazimia kuacha kurukia kila kimelea, tushike kazi moja: minyoo wa oposumu wa Msitu wa Atlantiki, huku Brazili tunakoishi na kusoma wengi wetu. Kazi imefanyika, nami nawashukuru sana.

Oposumu, ambaye wenyeji humwita gambá, ni mnyama mwenye mfuko, mkubwa kama paka. Hula matunda, mende, konokono, hata vyura, na chakula hicho ndicho kinachomletea minyoo. Turgida turgida, mnyoo wa tumboni aliyeelezwa na mtaalamu wa minyoo Rudolphi mwaka 1819, humwingia kupitia wadudu anaowala. Mnyoo mwingine, Rhopalias coronatus, huanzia kwa konokono wa majini, akahamia kwa viluwiluwi na vyura, ndipo afike kwenye utumbo wa oposumu. Ukimkuta, umeshajua mnyama yule alikuwa akitafuta riziki penye maji.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile tuliyompasua oposumu aliyegongwa na gari, kibali cha ICMBio, taasisi ya serikali ya Brazili ya kuhifadhi bioanuwai, kikiwa mezani. Tumboni Turgida walikuwa wamekusanyika kwenye kidonda kimoja, weupe, wanene, vichwa vimezama ukutani. Ilibidi kuwatoa mmoja mmoja kwa kibanio wasikatike. Huko chini, utumbo mpana unapoanzia, walikuwamo minyoo aina ya Cruzia tentaculata. Jenasi hiyo ya Cruzia, yaani kundi la spishi za karibu, mtaalamu wa minyoo Lauro Travassos aliipa jina mwaka 1917 kumuenzi Oswaldo Cruz, daktari maarufu wa Brazili, aliyefariki mwaka huohuo. Kwenye utumbo mwembamba tukampata Rhopalias. Mwanachama wetu mdogo kuliko wote alipoiona kwenye hadubini ile mikonga yake miwili yenye miiba, mmoja kila upande wa mdomo, alinyamaza, kisha akaomba kuangalia tena. Kwa dakika ile pekee naona mwaka haukupotea.

Lililoniuma ni chupa tisa za mwezi wa Aprili. Lebo ziliandikwa kwa wino, spiriti ikaula wote. Minyoo wamo, hawajaharibika, lakini hatujui walitoka kwa mnyama gani wala kiungo gani, kwa hiyo hawatufai tena. Nilipaswa kukagua na sikukagua, niwieni radhi. Kuanzia sasa ni penseli, karatasi ngumu, lebo ndani ya chupa: mwenyeji (mnyama aliyebeba minyoo), kiungo, mahali, tarehe.

Jambo jingine nawaomba kwa moyo. Gambá huuawa ovyo kwa kuchukiwa tu. Tukizungumza na majirani kuhusu kazi yetu, tusimfanye aonekane mchafu zaidi. Wengi wa minyoo hawa huishi ndani ya oposumu na jamaa zake, na mnyama wa porini kuwa na minyoo ni jambo la kawaida.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Hadubini imetengenezwa, na ada zimelipwa isipokuwa za wachache wanaojijua.

Chupa zilizobaki tutazifungua kikao cha kwanza cha mwaka mpya. Kila mtu aje na penseli yake.

Mwenyekiti