Mwanangu, sherehe ilikuwa ya siku moja tu

Mwanangu mpenzi,

Nimeiona ile picha uliyonitumia Jumapili asubuhi, vidole vyako vya miguu na namba ya mzani, 91.8, na chini yake umeandika "mama nimeharibu kila kitu". Nilikupigia hukupokea. Nikasema ngoja nimwache alale, harusi ya dada yake imeisha usiku wa manane, kachoka. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, jana ndo unaniambia kwamba tangu Jumapili umekula kila kilichobaki, keki, soda, vya kukaanga, mchana na usiku, maana "si nshaharibu". Baba, hilo neno ndo limenikalisha chini niandike barua ndefu hivi badala ya meseji, kwa sababu mimi nalijua, nimeishi nalo miaka.

Kwanza tupige hesabu pamoja, we ni mtu wa hesabu. Ijumaa ulikuwa 89.4, Jumapili 91.8, yaani kilo 2.4 zimepanda kwa siku mbili. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Sasa ili zile 2.4 zote ziwe mafuta ingebidi ule kalori zaidi ya 18,000 juu ya zile mwili wako unazotumia, na mwanaume wa umbo lako anatumia labda 2,500 kwa siku, kwa hiyo ungekuwa umekula chakula cha wiki nzima na zaidi kwa usiku mmoja. Mwanangu nilikuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwako. Hukula chakula cha wiki. Ulikula sahani mbili, keki, soda mbili tatu, basi, kama mtu yeyote kwenye harusi ya dada yake.

Kilichopanda ni maji kwa sehemu kubwa, na chakula chenyewe ambacho bado kilikuwa tumboni kinasafiri. Mwili unatunza akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, unaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya hiyo akiba inakaa na kama gramu 3 za maji. Wewe miezi mitano umekuwa unakula kidogo, hiyo akiba ilikuwa imepungua, Jumamosi umekula wanga na sukari ikajaa tena, na maji yake yakaingia. Weka na chumvi, maana chakula cha sherehe kina chumvi kuliko cha nyumbani na chumvi inashika maji. Ndo maana hata pete yako ilikubana asubuhi ile, uliniambia mwenyewe. Ukirudi kula kawaida siku tatu nne hayo maji yanatoka yenyewe. Na nikukumbushe kitu, zile kilo tatu za wiki yako ya kwanza ulizozishangilia, ukanipigia saa kumi na moja alfajiri, zile nazo nyingi zilikuwa maji haya haya. Sikukwambia wakati ule, sikutaka kukukata furaha, labda ningekwambia.

Mafuta ya kweli uliyoongeza Jumamosi, tuseme ulizidisha kalori 1,500, ni kama gramu 200. Ndo hizo tu. Na kama siku nyingine sita za wiki ile ulikuwa unapunguza 500 kila siku kama ulivyozoea, hiyo ni 3,000, toa 1,500 ya harusi, bado wiki ulikuwa umeishinda. Ila hizi siku nne zilizofuata sasa, hapo ndo penye kazi. Harusi ilikuwa ya masaa sita, wewe umeifanya ya siku tano.

Sikulaumu, na wala sio wewe peke yako. Kuna utafiti wa 1975, mwanasaikolojia Peter Herman na mwenzake waliwapa wanafunzi wa kike glasi za maziwa mazito yenye sukari, wengine hawakupewa kitu, halafu wote wakaambiwa waonje aiskrimu wazipe maksi, wale kiasi wanachotaka. Wale wasiojibana kwenye chakula walifanya unavyotegemea, aliyekunywa maziwa alikula aiskrimu kidogo maana ameshiba. Ila wale wanaojibana, wa daiti, ilikuwa kinyume kabisa, waliokunywa maziwa ndo wakala aiskrimu nyingi kuliko ambao hawakunywa kitu! Yaani wameshiba tayari lakini kichwani wanajiambia leo nshavunja, kesho ntaanza upya. Nilivyosikia hii habari kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, nilijiona mimi mwenyewe pale.

Hujui hii, ulikuwa mdogo sana. Baada ya kukuzaa wewe nilikaa na uzito miaka kama mitatu, nikaamua, nikapungua kilo 14 kwa mwaka mmoja. Nilikuwa nimepewa karatasi na mtu mmoja aliyejiita mshauri, upande wa kushoto vyakula vya kula, upande wa kulia vimeandikwa MARUFUKU kwa kalamu nyekundu, na mimi nikaibandika ndani ya kabati la vyombo. Ikaja sikukuu, nyumba imejaa watu, nikala vya upande wa kulia, vyote. Kesho yake nikapanda mzani, kilo 3 juu. Nikashuka, nikausukuma kwa mguu chini ya kitanda mpaka ukagonga ukuta, nakumbuka ule mlio mpaka leo, na sikuutoa pale mwaka mzima. Nilivyoutoa ulikuwa na vumbi nene na mimi nilikuwa nimerudisha zote 14 na nyingine 5 juu yake, na daktari akaniambia presha imeanza. Laiti mtu angeniambia asubuhi ile kwamba zile kilo tatu ni maji, subiri siku nne upime tena. Hakuna aliyeniambia. Ndo maana mimi nakwambia wewe.

Sasa sitaki uelewe kwamba sherehe hazina madhara kabisa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu wazima 195 waliopimwa kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, kwa wastani waliongezeka kilo 0.37, hata nusu haifiki, na wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo kwa mbali. Lakini hiyo ndogo haikutoka miezi iliyofuata, ilibaki, na mwaka mwingine inakuja nyingine juu yake. Kwa hiyo usiogope usiku wa sherehe, ila uangalie sana asubuhi yake, mlo unaofuata tu, sio Jumatatu ijayo wala tarehe moja. Mlo unaofuata uwe ule ule wa siku zote.

Na nikisema ule ule namaanisha ule ule, sio nusu yake. Usijaribu kulipa. Najua ulivyo, ukitubu unapitiliza, utataka kushinda njaa siku nzima au ukakimbie masaa mawili, halafu jioni njaa inakuzidi unakula mara mbili tunaanza mwanzo. Kukimbia nusu saa kwa uzito wako kunaunguza kalori 350 hivi, kipande kikubwa cha keki ya krimu kinaweza kuwa na hizo hizo, hutaweza kuikimbia sherehe. Na hili nasema mara moja nalisema kwa uzito wote, ikitokea siku umefikiria kujitapisha, au unameza dawa za kuharisha ili utoe ulichokula, au unakula umejificha halafu unalia, niambie siku hiyo hiyo, hata usiku wa manane, twende kwa daktari pamoja. Huo ni ugonjwa na unatibika, hauna aibu yoyote mbele yangu.

Halafu lile kontena lako. Kwenye kipaimara cha mtoto wa mjomba wako ulikuja na kontena la plastiki, kuku wa kuchemsha na mboga, ukakaa pembeni karibu na mlango ukala baridi na uma wako mwenyewe. Nilikuangalia nikasema moyoni huyu mtoto ana nia. Ila nilikuona pia ulivyokuwa unaangalia sahani za wenzako, na ulivyorudi nyumbani dada yako akanambia ulikula mkate mzima umesimama jikoni taa imezimwa. Mtu akijinyima mbele za watu hivo anakuja kujilipa gizani. Bora ungekula na sisi mezani, sahani moja, ukiwa unacheka.

Ninavyofanya mimi sasa, na nimekaa na uzito huu huu miaka tisa, ni hivi. Siku ya sherehe nakula asubuhi na mchana kama kawaida, sifungi njaa kwa ajili ya usiku, maana ukifika na njaa ya siku nzima hakuna akili itakayokusaidia. Nikifika sichukui sahani kwanza, nazunguka nasalimia watu huku naangalia kilichopo chote. Halafu najiuliza kipi hapa sikipati siku za kawaida? Hicho ndo nakula, na nakula bila hofu, taratibu, nikiwa nimekaa. Vile ambavyo navipata kila siku navipita. Hii peke yake inapunguza nusu nzima, maana tukiwa kwenye foleni ya chakula tunajaza sahani vitu ambavyo hata hatuvipendi sana, ni kwa sababu vipo.

Utaniuliza mbona mtu umeshiba kabisa lakini keki ikija nafasi inapatikana. Ni kwamba ulimi unachoka ladha moja moja, ukichoka nyama ya chumvi bado haujachoka kitamu, kwa hiyo mezani pakiwa na vitu kumi unakula kuliko pakiwa na vitatu. Kwa hiyo mimi nachagua vitatu, vinne. Na keki nakula, ila nakula ile ninayoitaka, na nikimaliza hicho kipande naenda kuongea na mtu aliye mbali na meza. Tukiwa wengi tunakula zaidi kuliko tukiwa peke yetu, tunakaa muda mrefu na mkono unaenda wenyewe.

Soda ndo ntakubishia kidogo. Kopo moja la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo ni kama gramu 50, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Zile soda zako tatu ni zaidi ya gramu 100 na hazikushibishi hata kidogo. Chagua moja uinywe kwa furaha, nyingine maji.

Na shangazi yako, najua, alikuwekea kijiko cha tatu ukiwa umeshasema basi. Anakupenda, ndo anavyojua kupenda. Usimweleze habari za kalori, atasikia kama unamwambia chakula chake kina sumu. Mwambie "tamu sana shangazi, nimeshiba, nifungie niende nayo", atakufungia akiwa anatabasamu, halafu kesho unakula kidogo au unampa mtu.

Kitu kingine ambacho lazima tuongee ukweli, baba, ni kwamba sherehe ni ngapi kwa mwaka? Harusi, sikukuu, siku ya kuzaliwa, hazifiki hata 15. Hizo kula. Lakini keki ya ofisini kila mwenzio akitimiza mwaka, na Ijumaa kwa kuwa ni Ijumaa, na Jumapili kwa kuwa jana ulijibana, hizo umezipa jina la sherehe na sio sherehe. Umeniambia mwenyewe mwezi uliopita zilikuwa tisa. Hapo mimi nakuwa mkali kidogo, nisamehe.

Mzani usiupande mpaka Jumatano ijayo. Kuanzia kifungua kinywa cha kesho kula kama ulivyokuwa unakula Ijumaa kabla ya harusi, lala mapema maana usingizi mdogo unaongeza njaa, kunywa maji, basi. Ulianza na kilo 103. Umetoka huko kwa miezi mitano bila kujiua, hakuna usiku mmoja wa kucheza na dada yako unaoweza kukurudisha, na nilivyokuona umebeba ile keki pamoja naye mmecheka mpaka imetaka kuanguka nilimshukuru Mungu, sikuwaza kilo za mtu.

Jumamosi ya wiki ijayo bibi yako anatimiza miaka 80. Njoo, na hilo kontena liache nyumbani. Nimeshaongea na shangazi, sahani utajipakulia mwenyewe. Na vaa viatu vya kutembelea, maana tukimaliza kula mimi na wewe tunatoka tunatembea robo saa, sukari ya damu inashuka vizuri mtu akitembea baada ya kula, na nina umbea wa ukoo siwezi kukuandikia humu.

Mama yako