Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kigoma: Mgonjwa Asiyeitika

Ndugu wanachama,

Hesabu mmeshasomewa na mweka hazina, sitazirudia. Naelekea moja kwa moja kwenye swali ambalo familia za Ujiji, Kasulu na Kibondo zinazouguza majeruhi wa ajali zimekuwa zikituletea: mgonjwa amefumbua macho lakini haitiki, je, anatusikia?

Kamati inasema tusimhukumu kwa kutoitika kwake. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha dalili ya kufuata maagizo. Waliambiwa wawaze kitendo fulani, kama kufungua na kufunga kiganja, huku ubongo ukipimwa kwa EEG, yaani kipimo kinachochora umeme wa ubongo, au kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Wagonjwa 60, karibu robo, ubongo wao ulitii. Ila msikilize na hili: kati ya wengine 112 waliotii maagizo waziwazi, vipimo viliwanasa 43 tu. Basi kipimo kikitoka bila kitu, asitokee mtu akawaambia ndugu zake kwamba fahamu haimo. Hakuna mashine inayopima fahamu yenyewe, na sayansi haijaeleza umeme wa ubongo unageukaje kuwa maumivu.

Kabla ya mashine, kipo kioo. Mkalishe mgonjwa kwenye mwanga, shika kioo cha mkononi sentimita 10 hadi 15 kutoka usoni pake, kisogeze taratibu kulia, kushoto, juu na chini, ukiangalia kama macho yake yanakifuata, kisha rudia. Tunatumia kioo kwa sababu macho hufuata sura ya mwenyewe kuliko kalamu au tochi. Pima angalau mara tano ndani ya wiki mbili, maana fahamu ya mgonjwa wa namna hii hupanda na kushuka. Aliyelala asubuhi huenda akafuata kioo jioni. Andika saa, na dawa aliyomeza. Diazepam na fenobabitoni, dawa za kutuliza degedege, humlegeza, lakini msizikatishe wenyewe: mwombeni daktari awapangie saa ya kupima. Na mzee aliyeishi maisha yake yote kwa Kiha aagizwe kwa Kiha.

Anayepelekwa EEG afumuliwe nywele na kuoshwa, asipakwe mafuta. Elektrodi, vile vinasio vya umeme vinavyobandikwa kichwani, zisiposhika vizuri, mchoro hujaa mtetemo wa umeme wa ukutani, hertzi 50, na ishara ndogo za ubongo hazisomeki.

Kwenye ridhaa, kamati haitalegeza. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mchoro wa ubongo umo humo. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yake mwaka 2021. UNESCO ilipitisha pendekezo la maadili ya teknolojia ya neva Novemba 2025. Kwa hiyo mtafiti yeyote anayetaka kupima wagonjwa wetu aonyeshe kwanza kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha aiandikie familia nani atatunza mchoro, kwa muda gani, na nani mwingine ataupata. Kujibiwa "ni siri ya kitaalamu" hakutoshi.

Fomu ya ridhaa tunayowaletea muipigie kura ina nafasi mbili za saini. Ya kwanza ni ya ndugu. Ya pili ni ya mgonjwa mwenyewe, akizinduka, na akikataa, mchoro wake ufutwe.