Kaka Faki, pesa ya kumpa mtu sitoi

Assalaam alaykum kaka, shkamoo. Bi mkubwa msomee salamu zangu mwanzo kabla hujaendelea, maana nakujua, ukifika kati utakasirika na simu utaitia mfukoni.

Voisi yako nimeisikiliza. Ati milioni na nusu ya kumpa mtu ili Seif aingie kazi hoteli ya Nungwi. Sitoi kaka. Sio kama sina, na wala usimwambie Time kuwa sina maana atatangaza Chake nzima, sitoi kwa sababu huyo mtu wako ndo yule yule aliyekula za mtoto wa Bikombo, na mtoto mpaka leo yuko Machomanne anapiga gumzo.

Halafu umelalamika weee, kazi za hoteli wanachukua watu wa bara na Wakenya, vijana wetu wanabaki kubeba mabegi. Hapo sikubishii, wapo mameneja wanaoangalia jina kabla ya cheti, na mie huku Uingereza nimeyaonja. Lakini hebu nambie, yule Petro wa dukani kwako ulimtolea nini? Hakuiba, hakuchelewa, daftari lake la madeni lilikuwa safi kuliko la Seif, ukamtoa kwa sababu wateja wawili watatu wameguna mbona umeweka mbara. Siti ndo kanihadithia, usimkasirikie, mie ndo nilimuuliza. Sasa meneja wa Nungwi akikufanyia hivyo hivyo mwanao unalia na nani?

Tuache hilo, nikupe habari. Nimepewa ukufunzi wa madereva! Mie, yule uliyemkataza kugusa hata Vespa ya marehemu baba. Basi la ghorofa, kijana wa Kizungu kashika usukani, mie nyuma yake na mtandio wangu namwambia punguza, tunateremka Park Street, na anapunguza. Picha nimemtumia Siti, mwambie bi mkubwa aangalie kwa simu ya Siti maana yako kioo kimepasuka.

Lakini haikuja hivi hivi. Mara ya kwanza walininyima, wakampa mtu niliyemfundisha mie mwenyewe njia za mji. Nikaomba karatasi ya maksi za intavyuu. Nilipoipata nikaona maswali yote nimefanya vizuri isipokuwa lile la mawasiliano, mbili kwa tano, na pembeni mtu kaandika kwa peni neno moja tu, lafudhi. Yaani abiria wananielewa kila siku nikiwafokea washuke lakini wanafunzi hawatonielewa! Nikampelekea mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, mama mmoja wa Kijamaika mkali kama pilipili mbuzi, akanambia usilie, andika. Sheria yao ya usawa ya 2010 inakataza kumbagua mtu kwa rangi, utaifa au asili, sio kwenye kuajiriwa tu, hata kupandishwa cheo, na ukitaka kwenda baraza la kazi wakati ule ulikuwa na miezi 3 kasoro siku 1 tangu walipokutenda, ukilala imekula kwako. Nikaandika. Hatukufika barazani, walirudia usaili na watu wengine mezani, maswali sawa kwa kila mtu, na siku hizi fomu za kuomba zinafichwa majina kabla hazijachujwa. Nani alichukia na nani alinipita bila salamu kantini sitaki kusema, yamepita.

Na ujue mji wenyewe ni huu huu Bristol. Zamani kampuni ya mabasi ilikuwa haiweki weusi kuwa madereva wala makondakta, na chama cha wafanyakazi, hicho hicho cha kumtetea mnyonge, kilishapitisha tangu 1955 kuwa wasichukuliwe. Gereji ruhusa, kantini ruhusa, mbele ya abiria hapana. Kama mahoteli yenu tu, nyuma jikoni wewe, mapokezi mwengine. Basi 1963, mwaka ule wa uhuru wa Disemba (usinianzishie siasa), kijana wa miaka 18 anaitwa Guy Bailey kapangiwa intavyuu, walipojua ni mtu wa West Indies, visiwa vya Karibi, wakaifuta. Watu wa mtaa wa St Pauls wakina Roy Hackett na Owen Henry, na msemaji wao Paul Stephenson, wakasusa mabasi. Wengine wakatembea kwa miguu, wengine baskeli, miezi minne mpaka mwezi wa Agosti kampuni ikasalimu amri, na wa kwanza kuingia Septemba alikuwa kalasinga, Raghbir Singh, kondakta. Miaka miwili baadae, 1965, ndo ikaja sheria yao ya kwanza ya kukataza ubaguzi, na hata hiyo haikugusa kazi, mpaka ya 1968. Chama kilikuja kuomba radhi 2013, miaka 50 imepita. Hackett na Henry wamechorwa ukutani St Pauls wakubwaa, nikipita na wanafunzi wangu nawaonesha, wengi wamezaliwa hapa hapa na hawajui.

Sasa sikiliza. Seif nitamlipia kituo cha amali Vitongoji, fani aitakayo mwenyewe sio uitakayo wewe, na masomo ya Kingereza jioni. Vyeti vikitoka aombe kazi kwa jina lake, wakimnyima aulize sababu kwa maandishi. Pesa inakwenda kwa Siti, yeye ndo atalipa ada na kunipigia picha risiti. Na huyo Siti ana diploma kaka, anakaa nyumbani anakaanga mandazi, hujamtafutia hata mtu wa kula pesa! Mweke dukani kwanza, na Petro mwite arudi, mteja anayeguna akanunue sukari Wete.

Hesabu ya karafuu za Mtambwe sikuulizi leo. Nitakuuliza.

Nimewakumbuka nyote, Ramadhani nafuturu peke yangu gereji na tende za paketi, basi tu. Mume wa Shaame... astaghfirullah, mke wa Shaame anakuja mwezi ujao, mpe halua, ya Wete, ya moto. Sio ile ya dukani kwako.

Dadako,
Mwanakhamis