Barua kwa wajukuu mliorithi nyumba Kariakoo

Wanangu na wajukuu zangu,

Asalaam aleikum, na habari za siku nyingi.

Jumamosi iliyopita nilipanda daladala kutoka Mbagala, nikateremka Mnazi Mmoja, nikavuka Mtaa wa Lumumba kwa miguu. Kariakoo huwa nakuja kununua kitu na kuondoka. Safari hii nilikuja kutembea tu. Nilitaka kusimama pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu.

Mtaa nilioujua kwa harufu sasa ni ghorofa kwa ghorofa, na chini kote ni fremu za maduka. Nyumba sikuitambua kwa macho, niliitafuta kwa hatua. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukitumwa mafuta ya taa duka la kwenye kona, na tulishindana kurudi macho yamefumbwa tukihesabu. Kutoka kona hadi barazani kwetu zilikuwa hatua arobaini na mbili za mtoto. Nikakadiria kwa miguu ya mzee, nikasimama. Kijana mmoja akaniuliza, "Shikamoo mzee, unatafuta vitenge?" Nikamwambia natafuta baraza. Akanivutia kiti.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili kama zenu: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma uani, penye jiko, choo na bomba. Bibi alikinunua kiwanja kwa vitumbua. Saa kumi alfajiri kikaango kilikuwa tayari juu ya mkaa, na kabla ya jua kutoka wapangaji walikuwa wanapanga foleni uani na sahani mikononi. Mzaramo, Mmanyema, Mngoni na mama mmoja wa Kingazija wote walitumia bomba moja. Watoto tulikula chumba chochote kilichopakua kwanza.

Bibi huyo alikuwa na kadi ya TANU. Mwaka 1955 Bi Titi Mohamed alipokuwa akiwaita akina mama wajiunge, alipitia kwenye vikundi vya ngoma, kwa wenzake aliowajua kwa sauti na kwa majina. Bibi yangu aliingia kwa njia hiyo. Chama chenyewe kilikuwa kimezaliwa 7 Julai 1954, hatua chache kutoka kwetu, pale Lumumba, mtaa uliokuwa ukiitwa New Street. Aliiweka kadi hiyo kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, pamoja na stakabadhi za kodi, hati ya kiwanja na picha tatu za studio.

Sasa niwaambie kilichonileta kwenye barua hii. Bibi alipofariki, na baada yake mjomba, tulikuwa warithi kumi na mmoja. Dalali alikuja na mnunuzi kabla hata arobaini haijasomwa. Tulikaa kikao kimoja, alasiri moja, tukaweka sahihi. Mgao wangu ulipaua nyumba na kulipa ada za watoto, na kwa hayo sina majuto. Lakini hakuna aliyeingia chumba cha tatu kutoa sanduku. Hati ilichukuliwa kwa ajili ya mauzo. Vilivyobaki vilikwenda na kifusi. Nilijua sanduku liko wapi, na sikunyanyuka kulifuata. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Siwaambii msiuze. Ningekuwa mwongo kuwaomba muishi kwenye nyumba ya udongo inayovuja huku ndugu wana shida na wateja wanakuja kununua hadi kutoka Zambia na Kongo. Kariakoo haikuwahi kusimama. Hata jina lake lilitokana na wapagazi wa Carrier Corps waliopiga kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza. Nilikuwa kijana soko la msanifu Beda Amuli lilipofunguliwa mwaka 1975, na nilijivunia lile paa lake kama nimelijenga mimi. Ulipowaka ule moto wa sokoni Julai 2021 nilitazama kwenye televisheni nimesimama, sikuweza kukaa.

Ninachowaomba ni kutofanya haraka. Msimamizi wa mirathi apatikane mahakamani, na awe mtu anayeweza kumwambia dalali "rudi mwezi ujao". Mkiletewa habari ya ubia, kwamba mtoe kiwanja wao wajenge, someni mgawanyo wa fremu na vyumba mbele ya wakili wenu, si wakili wao. Ulizeni kibali cha ujenzi kiko wapi na mhandisi aliyesajiliwa ni nani. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo, watu wakafa chini ya zege. Kiwanja cha bibi yenu kisibebe jengo msilojua msingi wake umechimbwaje.

Na kabla ya siku ya sahihi, ingieni ndani. Fungueni masanduku na makabati. Pigeni picha ukumbi, uani, mlango wa mbele. Muulizeni shangazi aliyebaki nani alilala chumba kipi. Mkae naye siku nzima, mumpelekee chai, mumwache aseme anavyotaka hata akirudia.

Mimi nimeanza kuchora mtaa wetu kwenye daftari la mistari, nyumba kwa nyumba, jina la mwenye nyumba na alichokuwa akiuza. Upande wetu nimeumaliza. Upande wa pili, kutoka kona ya mafuta ya taa, nina nyumba nne zisizo na majina. Ya pili kulikuwa na mama aliyeuza kashata na alikuwa na mti wa mkungu uani. Kama ni bibi yenu, niandikieni.

Babu yenu wa Mbagala