Ndugu wa mgonjwa waitwe waone kipimo chenyewe

Mhariri, naomba nafasi niseme jambo moja. Mgonjwa akiwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na madaktari wakaona dalili kwamba ubongo umekufa, yaani umezimika wote na hautarudi, na kitabibu mtu huyo amefariki, ndugu zake waitwe wakalishwe chini, waelezwe kwa Kiswahili cha kawaida kinapimwa nini na kwanini, na kama kuna mmoja anayeweza kuvumilia basi aingie aone kipimo kwa macho yake. Sio taarifa nzito kama hiyo kupewa mlangoni na mtu anayetembea.

Huku kwetu Mwanza hii habari haiko mbali na mtu. Kuanzia Buzuruga mpaka Igoma kila mmoja anamjua mtu aliyepata ajali ya boda, ziwani mvuvi anazama anatolewa hapumui, wazee wanaanguka na kiharusi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata ajali ya hivyo akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Baba yake mkubwa akaambiwa mlangoni "ubongo umekufa", basi, daktari kapita. Muda huohuo mama yake mdogo yuko ndani kashika mkono wa kijana, mkono wa moto kabisa, mara mguu ukaruka, akatoka nje analia kwa furaha kwamba mtoto yupo hai. Familia ikapasuka palepale, hawa wanatafuta mteja wa ng'ombe ili pesa ya hospitali ipatikane, wale wanapiga simu kijijini Sengerema maandalizi ya msiba yaanze, na mpaka leo kuna watu kwenye ule ukoo hawasalimiani.

Hakuna aliyewaambia kwamba mguu unaweza kuruka hata ubongo ukiwa umekufa, maana uti wa mgongo una njia zake fupi za mishipa ya fahamu ambazo hazipiti kichwani. Moyo nao unajitengenezea umeme wake wenyewe, hausubiri amri ya ubongo ndo upige, ilimradi mashine inaleta oksijeni utaendelea kupiga kwa muda. Ndo maana unakuta mwili una joto, kifua kinapanda na kushuka, mkojo unatoka. Sasa mama wa watu ataaminije kwamba mwanaye amefariki? Hata mimi nisingeamini.

Alafu kuna upande wa pili ambao unaniuma zaidi, watu kusema ubongo umekufa kwa mgonjwa yeyote aliyelala hajitambui. Koma sio kifo. Huku kanda ya ziwa malaria tunaijua, mtoto ikimpanda kichwani anaweza kulala siku mbili tatu hasikii hata ukimfinya, akatibiwa, akaamka akaomba uji. Kuna mtu kiharusi kimempiga kwenye shina la ubongo (sehemu ya chini ya ubongo, ndo inayoendesha pumzi) hawezi kusema wala kusogeza kidole ila anasikia na kuelewa kila mnachosema pale kitandani, anajibu kwa macho tu. Kuna mwingine anafumbua macho, analala na kuamka, ila hajui aliko. Wote hao wapo hai. Aliyekufa ubongo hana hata pumzi yake mwenyewe, na hali hiyo hairudi nyuma.

Ndo maana kipimo kina masharti. Kwanza sababu ijulikane, mfano CT scan (picha ya ndani ya kichwa) ionyeshe damu imevujia kichwani au ubongo umevimba vibaya. Joto la mwili lisiwe chini ya 36, presha iwe imekaa sawa, sukari na chumvi za kwenye damu ziangaliwe, dawa za usingizi na za kulegeza misuli ziwe zimeisha mwilini, kwa sababu dawa hizo au sumu ya nyoka kama koboko inaweza kumlegeza mtu akaonekana kafa kabisa kumbe yupo. Kama moyo ulisimama ukarudishwa wanasubiri angalau saa 24. Baada ya hapo ndo wanamulika tochi kwenye mboni, wanagusa jicho kwa pamba, wanatia maji ya baridi sana sikioni waone kama macho yatasogea, wanapitisha mrija kooni waone kama atakohoa.

Cha mwisho ndo kikubwa. Mashine inaachishwa, oksijeni inaendelea kuingia kwa mrija, na wanaangalia kifua dakika nane mpaka kumi huku kaboni dioksidi, ile hewa chafu tunayoitoa kwa pumzi, ikipanda kwenye damu mpaka presha yake ifike 60 (mmHg) au zaidi. Mvuvi aliyewahi kupiga mbizi anaelewa ninachosema, kifua kinadai hewa chenyewe hata ukikikatalia. Shina la ubongo likiwa bado na uhai litavuta pumzi. Ndugu akisimama pale akaona dakika zote hizo kifua hakijainuka hata kidogo, atawaambia wenzake alichokiona yeye mwenyewe. Marekani walilifanyia utafiti jambo hili ukachapishwa 2014, ndugu walioshuhudia kipimo walielewa vizuri kuliko walioelezwa tu, na kukiona hakukuwaumiza zaidi.

Najua wapo wanaonong'ona kwamba madaktari wanataka figo. Upandikizaji wa figo Muhimbili ulianza 2017 na figo zinatolewa na ndugu walio hai. Na hali yenyewe ya ubongo kufa haikubuniwa ili watu watolewe viungo, madaktari wa Paris waliieleza mwaka 1959, miaka minane kabla ya moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa kule Cape Town. Ila mnong'ono kama huo hauwezi kuisha wakati mlango umefungwa na ndugu wako nje wanabahatisha.

Najua pia madaktari wetu ni wachache na ICU zinajaa. Ila hata nesi mmoja mzoefu akipewa kazi hiyo, akakaa na familia kabla ya kipimo na baada ya kipimo, akajibu maswali yao bila haraka, akasubiri na shangazi anayetoka Ukerewe ashuke kwenye kivuko afike, inawezekana. Hospitali za hapa zianze na hilo.

Msomaji wenu,
Igoma, Mwanza