Asili ya neno kiama si maangamizi

Ndugu Mhariri,

Makala ya lugha katika toleo lenu lililopita ilieleza kwamba neno "kiama" kwa asili lina maana ya maangamizi ya dunia. Naomba nafasi nipinge maelezo hayo, kwa kuwa yanapotosha neno zito ambalo historia yake iko wazi.

Neno hili, ambalo wengine huliandika "kiyama", limetokana na Kiarabu qiyama, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kusimama au kuinuka. Mzizi huohuo umetupatia kaimu, yaani anayesimama mahali pa mwingine, na ikama, mwito wa kusimama kwa ajili ya sala. Hata makamu na takwimu ni ndugu zake. Kinachotajwa katika kiama, basi, ni wafu kuinuka makaburini ili wahukumiwe.

Ushahidi haujafichika. Sura ya 75 ya Kurani, yenye jina hilo, inaanza kwa kiapo cha siku ya kiyama na papo hapo inamjibu anayedhani kwamba mifupa yake haitakusanywa: itakusanywa, na hata ncha za vidole vyake zitatengenezwa upya sawasawa. Biblia ya Kiswahili, katika Mathayo 22, inawaeleza Masadukayo kuwa watu wasemao hakuna kiyama. Kwa maana iliyotolewa na makala yenu, watu hao wangekuwa wanakanusha mwisho wa dunia, ilhali swali walilompelekea Yesu lilihusu mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, kwamba wafu watakapofufuka atakuwa mke wa nani. Wakristo Waarabu nao huliita kanisa lenye kaburi la Yesu kule Yerusalemu Kanisa la Kiyama, jina ambalo lisingeeleweka kamwe kama neno lenyewe lingekuwa la kuangamia.

Sikatai kwamba hofu imo. Sura hiyohiyo inataja macho kuduwaa, mwezi kupatwa, na jua na mwezi kukusanywa pamoja, na si ajabu wasemaji wakaita vita au mafuriko makubwa kiama. Matumizi hayo yamekwisha kuota mizizi na siyapingi. Ninachopinga ni kuyafanya kuwa chimbuko la neno.

Naomba masahihisho yachapishwe katika safu ileile, kwa sababu wapo wanafunzi wanaoinakili kama ilivyo.

Wako mtiifu,
Msomaji wa safu ya lugha