Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: tuwekee skrini Nyerere Square

YAH: OMBI LA SKRINI KUBWA YA KUTAZAMIA MECHI ZA TAIFA STARS NA TWIGA STARS

Ndugu Mkurugenzi,

Mbukwenyi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama lishe, nauza ugali, mlenda na maharage upande wa Sabasaba. Ofisi yako inanifahamu kwa ushuru tu, na ushuru nalipa. Leo nimekuja na jambo la mpira.

Jumapili ya tarehe 4 Januari mwaka huu wa 2026 Stars walicheza na Moroko kule Rabat, hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Hatukuwahi kufika hapo kabla. Tulikwenda Lagos mwaka 1980, tukakaa miaka 39 ndipo tukaenda Misri, tukaenda Ivory Coast, kote huko tukarudi nyumbani mapema. Safari hii tulipenya kwa pointi mbili: sare na Uganda, sare na Tunisia. Najua wapo waliocheka, eti timu inavuka bila kushinda mechi hata moja. Wacheke. Bao la Fei Toto dhidi ya Tunisia nililipigia vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Basi siku hiyo ya Moroko nilifunga biashara mapema. Kifurushi cha king'amuzi nyumbani kilikuwa kimeisha, nikamchukua binti yangu wa miaka 11 twende kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mpira, cha mtaani kwetu Chang'ombe. Kiingilio shilingi elfu moja. Kijana wa mlangoni akaniambia, "Mama, wewe pita, mtoto hapana." Nikamwambia huyu mtoto ndiye anayejua majina ya kikosi chote, mimi nimemsindikiza tu. Akacheka, akakataa. Simlaumu. Mle ndani watu wamebanana kama magunia ya ulezi, sigara zinawaka, na matusi yanayotoka humo hata mimi mtu mzima nayaonea aibu.

Tukabaki nje, tumeegemea mabati. Nilitazama AFCON yangu kwa masikio, ndugu yangu.

Na mpira wa kusikiliza kwenye bati una adha yake. Ukisikia kelele hujui ni bao au ni kosakosa. Dakika ya 64 kukawa kimya ghafla, binti akasema, "Mama, tumefungwa." Kweli, Brahim Díaz. Halafu mwishoni kabisa, muda wa nyongeza, ndani kukalipuka kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Tukakumbatiana. Nilijua ni bao! Kumbe watu walikuwa wanadai penati, Idd Nado amesukumwa ndani ya boksi na mwamuzi amepeta. Zile kelele za furaha zikageuka matusi na sisi bado tumeshikana pale nje kama wajinga. Tukio lenyewe nililiona kesho yake saa nne asubuhi kwenye simu ya mteja, huku namkatia ugali. Kwa macho yangu ile ni penati. Nimelitazama mara sita na ugali ukapoa.

(Díaz huyo huyo wiki mbili baadaye kwenye fainali alipiga penati ya mbwembwe, kipa wa Senegal akaidaka kama anapokea chungwa. Siku hiyo nililala vizuri.)

Hawa Moroko wametufuata kama deni. Novemba 2023 walitufunga mbili pale kwa Mkapa, uwanja wa taifa Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia. Januari 2024 tatu, AFCON. Machi 2025 mbili, kwao Oujda. Agosti 2025 moja kwenye robo fainali ya CHAN, ile AFCON ya wachezaji wa ligi za ndani, tena kwa Mkapa, tulikotoka kundini bila kupoteza mchezo. Na hii ya Januari, moja. Mechi tano, mabao tisa, sisi sifuri. Hata kocha wetu wa CHAN jina lake la utani ni Morocco! Na mimi ni Simba, kwa hiyo ongeza na RS Berkane waliotunyima Kombe la Shirikisho Mei 2025, mbili kwao na sare ya moja moja Zanzibar. Mume wangu ni Yanga, wiki ile alikuwa na furaha isiyo na adabu. Nikajiambia afadhali niangalie fainali ya Ulaya nipumzike, PSG na Inter, tano bila. Bao la kwanza nani? Achraf Hakimi. Wa wapi? Nikazima.

Sasa hapa kuna kitu watu wa Dodoma hatukisahau. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Moroko alikuja Tanzania, na hayati Rais Magufuli akamwomba atujengee uwanja mkubwa wa mpira hapa Dodoma. Tukaambiwa amekubali. Aliombwa pia msikiti Dar es Salaam, na msikiti upo Kinondoni, watu wanasali. Uwanja wa mfalme mimi sijauona. Kwa hesabu ya mama lishe, sisi tunawadai Moroko uwanja, wao wanatulipa mabao.

Lakini uwanja sikuulizi wewe. Ni mambo ya wizara na fedha ndefu. Uwanja wetu wa Jamhuri upo, Dodoma Jiji wanachezea hapo, na siku Simba au Yanga wakija tunajaa mpaka juu ya miti. Ninachokuomba ni kidogo kuliko uwanja. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Kwa watu wa Dodoma "kwetu" maana yake Stars wakicheza kwa Mkapa, ni kilomita zipatazo 450. Treni ya umeme ipo, naishukuru, lakini daraja la kawaida ni 31,000 kwenda tu. Mimi kwenda na kurudi ni 62,000, bado tiketi ya mpira, bado chakula, bado pa kulala kwa sababu mechi ni usiku. Hiyo ni mtaji wangu wa wiki nzima. Siendi. Na kama mimi mwenye biashara siendi, yule anayebeba zege Mtumba naye haendi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, tuwekee skrini moja kubwa Nyerere Square kila Stars wanapocheza. Pale katikati ya mji, pana taa, pana nafasi, kila daladala inakuleta karibu. Kama Nyerere Square ina shughuli, Chinangali Park. Anza kabla ya 2027 ili mjue wapi waya unakatika. Siombi ligi ya Uingereza wala derby ya Kariakoo, hizo waachie wenye vibanda, ni riziki yao na mimi sitaki kugombana na mtaa. Naomba timu ya taifa tu.

Na nikisema timu ya taifa nina maana zote mbili. Julai 2025 Twiga Stars walicheza fainali za Afrika za wanawake, mara yao ya kwanza tangu 2010. Wapi? Moroko, wapi tena. Walifungwa moja na Mali, nne kwa moja na Ghana, lakini katikati hapo walitoka sare ya moja moja na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi. Binti yangu alitaka kuiona mechi hiyo kuliko zote. Nilipita vibanda vitatu nikiuliza. Cha kwanza walikuwa wanaonesha filamu ya mapigano, cha pili marudio ya mechi ya zamani ya Ulaya, cha tatu kijana akaniuliza, "Twiga ndiyo nini?" Hakunikosea heshima, alikuwa hajui kweli. Kibanda kinaonesha kinacholipa, na mtoto wa kike wa Chang'ombe halipi.

Najua utaniuliza kuhusu ulinzi, na kuhusu wale wanaolewa. Watakuwepo, lakini wapo hata bila skrini, tofauti ni kwamba pale kwenye skrini kutakuwa na mwanga na mgambo, siyo uchochoro. Vyoo vifunguliwe. Jenereta liwepo, maana umeme ukikatika dakika ya 88 hapo hata mgambo hawatoshi. Nimeambiwa pia kuonesha mechi hadharani kunahitaji kibali cha wenye haki za matangazo. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi na siyo wiki ya mashindano. Gharama za skrini sizijui, ila makampuni yanayopenda kuweka nembo zao kwenye jezi sidhani kama yatakataa nembo ikae Nyerere Square mbele ya maelfu ya watu.

Sisi mama lishe tupewe mstari mmoja pembeni, tutalipa ushuru wa siku na kufagia wenyewe asubuhi. Chai ya wafungaji mitambo ni juu yangu, na maandazi.

Barua hii nimesaidiwa kuiandika na binti yangu, ndiyo maana majina ya wachezaji hayana makosa. Kama kuna jibu, mpe mgambo yeyote wa soko la Sabasaba. Wananifahamu wote, na wawili kati yao nawadai.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama Neema
Chang'ombe, Dodoma